Nimefuzu ubingwa wa dharura, lakini usiku bado natafuta wa kuniamulia

Shikamoo Mama,

Nakuomba usitaje jina langu wala la hospitali ninakofanyia kazi. Huku kando ya ziwa tunajuana sana, na wagonjwa wangu nao wanasoma safu hii.

Mimi ni daktari, mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Misungwi. Baada ya kufanya kazi wilayani kwa muda, nilikwenda Dar es Salaam kusomea ubingwa wa tiba ya dharura Muhimbili, miaka mitatu. Nikahitimu, nikapangiwa huku nyumbani, Mkoa wa Mwanza. Katika hospitali yetu mimi ndiye bingwa pekee wa fani hii. Siku ya kuripoti nilikabidhiwa ofisi, meza na ukuu wa idara. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Mama yangu alichinja mbuzi.

Hofu ilianza usiku. Nilipokuwa masomoni, hata mwaka wa tatu nilipokuwa naongoza zamu, nilijua kuna bingwa nyuma yangu. Asubuhi angekuja, angesoma faili, angeniuliza kwa nini nimefanya hiki na si kile. Mara nyingine aliniumbua mbele ya wenzangu, lakini nikifika nyumbani nililala. Sasa nikiandika maelekezo kwenye faili, hakuna sahihi nyingine chini ya yangu.

Si kwamba kazi siijui. Wanaletwa vijana wa bodaboda waliovunjika mapaja, wavuvi wanaotapika damu kwa sababu ya kichocho cha miaka mingi, watoto wa selimundu wanaolia kwa maumivu ya mifupa, watu waliokunywa dawa ya kupulizia pamba, mate yanawachuruzika na kifua kimejaa. Haya yote nimefundishwa na nimeyatibu. Lakini kila linapofika jambo zito, iwe ni kumwekea mtu mpira wa kupumulia, kumpakia kwenye gari la rufaa akiwa hajatulia, au kuwaambia ndugu kwamba hakuna tena la kufanya, nampigia simu mwalimu wangu wa Dar. Saa nane usiku, saa kumi alfajiri. Huwa anapokea.

Hivi karibuni aliletwa mtoto wa miaka mitatu kutoka kisiwani. Mama yake alikuwa amembeba kwenye khanga iliyolowa maji ya ziwa. Viganja vyeupe, anapumua kwa taabu, malaria kali, damu yake nne. Katika idara yetu kuna tabibu mmoja wa siku nyingi, sisi sote tunamwita Mzee. Nilipoingia, Mzee alikuwa ameshamwambia muuguzi afungulie dripu maji yakimbie, maana mtoto yuko kwenye shoku. Nikasema hapana, maji yasikimbizwe, huyu anahitaji damu, tena kwa kipimo. Muuguzi hakunitazama mimi, alimtazama Mzee. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Kisha Mzee akarudisha mkono nyuma, dripu ikapunguzwa, damu ikafuatwa maabara.

Mambo yalipoanza kwenda nikatoka nje, karibu na simtanki, nikampigia mwalimu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamweleza. Akaniuliza, "Wewe umeamuaje?" Nikamwambia. Akasema, "Basi. Wewe ndiye bingwa. Rudi kwa mgonjwa." Akakata simu.

Mtoto alipata damu, asubuhi akapelekwa wodini akiwa anaomba uji. Lakini kesho yake nikawasikia wauguzi kwenye chumba cha chai: "Bingwa wetu mpaka apige simu Dar." Tangu hapo kila nikishika simu naona macho yao mgongoni.

Sasa kuna hospitali binafsi Dar inanihitaji. Wapo mabingwa wa dharura kadhaa, wawili nilisoma nao. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama analia, anasema nimemrudia ili niondoke tena. Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara nilikuwa daktari kijana, niliona jinsi watu walivyohangaika. Ikitokea tena, simu itapigwa kwangu. Mimi nitampigia nani?

Naomba unisaidie. Nirudi Dar nikakomae chini ya waliokomaa, au nibaki? Na Mzee nimfanyeje? Ni rika la baba yangu. Namwamkia shikamoo asubuhi, dakika kumi baadaye nampa amri mbele ya watu. Na je, mtu mwenye hofu kama yangu anastahili kweli kuitwa bingwa?

Daktari wa zamu ya usiku, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya ushauri, na madaktari wengi vijana nimewaona wakivuka hapo ulipo. Kwa hiyo barua yako niliisoma kama mtu aliyewahi kusimama upande wa pili wa kile kitanda.

Kama nimekuelewa, umefikishwa mahali ambapo neno lako ndilo la mwisho, na neno hilo limekuwa zito kuliko ulivyotarajia. Unajisaidia kwa simu ya mwalimu. Simu hiyo imeanza kukushushia heshima mbele ya wauguzi, au angalau ndivyo unavyoona. Kuna Mzee ambaye humjui bado kama ni mwenzako au mpinzani wako. Na kuna mlango wa Dar ulio wazi kwa siku chache tu. Swali la kazi umeliweka mbele, lakini maneno mengi ya barua yako yanahusu ile simu. Nianze na hiyo.

Umesema unatafuta wa kukuamulia. Sasa rudi kwenye kisa cha yule mtoto, ukisome upya ulivyokiandika mwenyewe. Nani alisema maji yasikimbizwe? Nani aliagiza damu? Uliamua ukiwa kitandani, muuguzi akiwa hakutazami, mbele ya mtu wa rika la baba yako. Simu uliipiga baadaye, nje, kazi ikiwa imeshaanza kwenda. Mwalimu wako hakukuamulia chochote usiku ule. Kwa hiyo nakuuliza kwa upole, simu ile ilikuwa ya nini hasa?

Jibu unalo wewe, mimi nakisia tu. Nadhani ulihitaji mtu wa kuubeba ule uamuzi pamoja nawe. Hilo ni hitaji la kweli, wala si dalili kwamba hujaiva. Ila halitibiwi kwa dawa ile ile. Asiyejua la kufanya anahitaji mwalimu. Anayejua lakini analemewa na uzito wa kuwa peke yake anahitaji wenzake, na hao si lazima wawe Dar, wala si lazima wapatikane saa nane usiku.

Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Unaujua utafiti uliofanyika kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitali na homa kali huku damu haiwazunguki vizuri. Waliokimbiziwa maji ya mshipani kwa wingi walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakukimbiziwa. (Wasomaji wengine mnielewe, simzungumzii mtoto aliyeharisha akaishiwa maji. Huyo habari yake ni nyingine kabisa.) Kwa hiyo hapo ulikuwa na elimu, na uliitumia. Hofu ilikuwapo, lakini haikukuzuia.

Kuhusu wauguzi na maneno yao ya chumba cha chai, nitakuambia kinachonitisha mimi. Daktari anayepiga simu hanitishi. Ananitisha yule aliyeacha kupiga kwa sababu alichekwa. Huyo niliwahi kumwona, na waliolipia ni wagonjwa. Tafadhali usifike huko. Kuuliza ni sehemu ya maadili ya kazi yako, na hata wenye mvi wanauliza. Ila jinsi ya kuuliza inaweza kubadilika. Wapo wanaoandika kwanza uamuzi wao kwenye karatasi, na sababu yake, ndipo wanapiga. Baada ya muda wanazipitia zile karatasi na kuona ni mara ngapi aliye upande wa pili alibadilisha kitu. Ukigundua habadilishi, umejifunza jambo kuhusu wewe. Ukigundua anabadilisha mara kwa mara kwenye eneo moja, tuseme mpira wa kupumulia kwa watoto wadogo, hapo unajua pa kuongeza mafunzo, na hofu inakuwa na jina. Wapo pia wanaopiga simu hapo hapo mbele ya timu, kwa sauti: "Nimeamua hivi, nampigia mwenzangu aniangalizie kama kuna nilichosahau." Ukienda kujificha nyuma ya simtanki, watu watajaza wenyewe wasichokisikia.

Njia hizi nazo zina hatari yake. Karatasi inaweza kukuchelewesha usiku ambao sekunde ni mali. Simu ya mbele ya watu inaweza kukuumbua mwalimu akisema kinyume. Na mtandao wa simu wa huku unaujua.

Halafu lile neno lake, "Wewe ndiye bingwa," akakata. Umelisikia kama mlango unafungwa. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alikuwa anakukabidhi kazi, kwa lugha fupi ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mbona usimuulize? Mchana, akiwa ametulia, umshukuru kwanza, kisha umuulize ni mambo gani angependa uendelee kumpigia na yapi anaona umeshayamudu. Huenda na yeye ana neno amelibakiza.

Jambo moja linalokuumiza si lako peke yako. Fani yenu ni changa. Muhimbili walianza kufundisha ubingwa wa dharura mwaka 2010, na wa kwanza wakahitimu 2013. Marekani kwenyewe programu ya kwanza ilianza Cincinnati mwaka 1970, na ilikuwa 1979 ndipo fani ikatambuliwa rasmi. Daktari bingwa wa upasuaji akifika kazini mara nyingi anakuta mpasuaji mzee wa kumwelekeza. Wewe umefika ukakuta kiti kitupu. Waliokutangulia kidogo walipelekwa nao kwenye hospitali za namna hiyo, na wengi wao wako hai, wana simu, na wanakumbuka vizuri usiku wao wa kwanza. Umewatafuta? Chama chenu cha tiba ya dharura, EMAT, kipo. Na kule kilimani Bugando, unakopeleka rufaa zako, unamjua kwa sura mtu anayepokea simu yako? Ukipanda siku moja ukanywa naye chai, simu ya usiku inayofuata haitakuwa ya mgeni kwa mgeni. Vilevile hapo hospitalini kwako kuna mtu wa usingizi, kuna wa watoto, kuna wa upasuaji. Hao si wa fani yako, lakini wamewahi kubeba sahihi ya mwisho.

Sasa Mzee. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewajua akina Mzee wengi na nawapenda.

Umeandika kwamba alirudisha mkono nyuma. Mimi nilisimama kwenye sentensi hiyo. Mtu anayetaka kukushinda harudishi mkono, hasa mbele ya muuguzi anayemtazama yeye. Alichofanya usiku ule pengine kilimgharimu zaidi ya unavyodhani. Alipofundishwa yeye, mtoto aliye kwenye shoku alikimbiziwa maji, ndivyo vitabu vilivyosema, na ndivyo alivyofanya kwa mamia ya watoto huku mabingwa wakiwa hawajafika. Je, kuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza kilichobadilika na kwa nini? Au alisikia tu "hapana" kutoka kwa binti aliyeingia mlangoni? Sikulaumu, dakika ile haikuwa ya kufundishana. Nauliza kuhusu kesho yake.

Mngeweza kuzungumza wawili, nje ya chumba cha wagonjwa. Ningeanza kwa kumuuliza yeye, si kumfundisha. Anajua visiwa gani havina mtumbwi wa injini usiku. Anajua jinsi ya kuzungumza na ndugu wa mgonjwa kwa Kisukuma au Kikerewe hadi wakubali kutoa damu. Anajua ni dawa gani huisha kabla ya mwisho wa robo mwaka. Ukishamsikiliza, mwambie unavyotaka mfanye mgonjwa mahututi akiingia: nani anashika njia ya hewa, nani anatafuta mshipa, nani anaandika, nani anasimama miguuni mwa kitanda akiongoza. Yapangeni zamu inapoanza. "Mzee, leo nakuomba njia ya hewa iwe kwako, mimi nitasimama miguuni." Hiyo ni amri, na ina adabu yake. Na kila agizo lipewe mtu kwa jina, naye alirudie kwa sauti. Hapo hata yule muuguzi hatakuwa na sababu ya kutafuta macho ya kutazama.

Shikamoo yako iendelee. Haijamzuia mtu kuongoza. Ila kuna hatari mbili. Heshima ikizidi, unaweza kunyamaza siku ambayo hukupaswa kunyamaza. Na Mzee anaweza kukataa kabisa mazungumzo hayo, wapo wa hivyo. Ikifika hapo, kuna mganga mfawidhi, na kumshirikisha yeye si kumchongea mzee wa watu. Anza naye mwenyewe, lakini usisubiri mpaka mgonjwa aumie.

Nikija kwenye Dar, sitakuambia nenda wala kaa, kwa sababu nikikuamulia mimi nitakuwa nimefanya lile ambalo mwalimu wako alikataa. Nitakuuliza tu. Hao mabingwa kadhaa, usiku wanakuwa ndani ya jengo au wanapatikana kwa simu? Ukishajua hilo, utajua kama unakwenda kwenye kampani au kwenye upweke wenye kiyoyozi. Utapata wagonjwa wa aina gani? Mkono uliozoea kichocho na selimundu unaweza kusahau haraka. Lakini pia kukaa na wenzako waliokutangulia miaka michache kunaweza kukukomaza kuliko miaka mingi ya kujikaza peke yako, na kuondoka kwa sababu hiyo si usaliti kwa Misungwi. Machozi ya mama ni mazito, nayo yana nafasi yake, ila yeye haingii zamu. Na kama mwajiri alikuruhusu kusoma au alikulipia, soma mkataba wako mstari kwa mstari kabla ya kujibu mtu. Wapo walioondoka wakaja kudaiwa.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Unaweza kuomba mwajiri akuruhusu ukae Bugando au Muhimbili kwa kipindi kifupi, mara kwa mara, ukifanya zamu na mabingwa wenzako. Unaweza kuomba kwa maandishi bingwa wa pili aletwe. Vyote viwili vinaweza kukataliwa, au kuchukua muda mrefu kuliko subira yako. Lakini jibu utakalopata litakuambia mengi kuhusu hao unaofikiria kubaki nao.

Kuhusu kivuko. Sisi tuliokuwepo mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama, nasi hatukusahau. Hofu hiyo ni ya watu wote wa ziwa hili, usiibebe kana kwamba ni kasoro ya kitaalamu. Siku ikija, Mungu apishe mbali, haitakuwa simu moja kwa mtu mmoja. Kuna mganga mfawidhi, kuna mkoa, polisi, Msalaba Mwekundu. Unachoweza kufanya leo ni kuuliza mpango wa maafa wa hospitali yenu uko kwenye droo gani, na kama watu wamewahi kuufanyia zoezi. Mzee huenda anakumbuka mara ya mwisho.

Umeniuliza kama mwenye hofu anastahili kuitwa bingwa. Jina hilo ulipewa na waliokupima kwa miaka mitatu, na wao walikuona kazini. Mimi nina swali la karibu zaidi: unalala? Unakula? Kama kuna wiki nzima ambayo moyo unakwenda mbio hata siku ya mapumziko, au unajikuta unalia ukifikiria kuingia zamu, nenda ukamwone daktari wa afya ya akili, kama ambavyo ungempeleka mgonjwa wako.

Mwisho wa mwezi uko karibu, kwa hiyo fanya haya mawili kabla ya kuwajibu hao wa Dar: zungumza na mwalimu wako mchana, na uketi na Mzee. Kisha niandikie. Nitapenda kujua hasa Mzee alisema nini ulipomweleza habari ya yale maji.